Kuombewa ukaazi wa Kanada bila cheti cha ndoa

"Mtu wangu yuko Kanada. Tumeishi kama mke na mume ila hatujafunga ndoa. Anaweza kuniombea makaratasi?"

Anaweza. Tangu Juni 28, 2002, ilipoanza kutumika Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, Kanada inampokea mwenzi wa kinyumba sawasawa na mume au mke wa ndoa. Fomu za msingi ni zile zile, ada ni ile ile, na mwishoni kadi ya ukaazi wa kudumu ni ile ile. Kinachotofautiana ni mzigo wa kuthibitisha. Mwenye cheti cha ndoa anaanza na karatasi inayosema nani kamwoa nani, wapi na lini, kisha anaulizwa kama ndoa hiyo ni ya kweli. Asiye na cheti anaulizwa hilo hilo, lakini kwanza aonyeshe kwamba huo uhusiano upo, umeanza lini, na kwamba mmeishi chini ya paa moja. Na maisha yetu huku Afrika Mashariki, tuseme ukweli, hayaachi karatasi nyingi.

Uko kundi gani?

Sheria inatambua makundi matatu. La kwanza ni mke au mume wa ndoa. La pili ni mwenzi wa kinyumba: mliokaa nyumba moja katika uhusiano kama wa ndoa, mfululizo, kwa angalau mwaka mmoja. La tatu ni mwenzi ambaye mmekuwa na uhusiano wa aina hiyo kwa mwaka au zaidi, yeye akiwa nje ya Kanada, lakini kuna kizuizi kilichowanyima kuoana na kuishi pamoja. Hili nitalirudia baadaye.

Mchumba hayumo. Kundi la wachumba lilikuwapo katika sheria ya zamani na likaondoka mwaka huo huo wa 2002. Posa ikishapokelewa, pete ikishavishwa, hata kadi za mchango zikishagawiwa, bado hakuna fomu ya kumwombea mchumba. Wengi wanaochanganya hapa wamesikia habari za Marekani, ambako viza ya mchumba ipo hadi leo.

Mwaka mmoja wa kuishi pamoja unahesabiwaje? Tuchukue mwanamke wa Tabata na mwenzake, raia wa Kanada aliyekuja Dar es Salaam kwa kazi ya mradi. Wamepanga nyumba pamoja mwezi Machi. Mwezi wa Agosti mwanamume akaenda Winnipeg wiki tatu kumuuguza mama yake, Desemba mwanamke akaenda Moshi kwao kwa sikukuu. Hesabu haikatiki. Safari fupi za kazi, msiba au likizo hazivunji mfululizo, mradi nyumba yao imebaki ile ile na wote wawili walikuwa wa kurudi hapo. Machi inayofuata wametimiza. Sasa chukua wawili wengine: mwanamume anakuja kila Desemba na kila Julai, mwezi mmoja mmoja, kwa miaka mitano. Ukijumlisha, miezi inakuwa kumi. Lakini hata ingekuwa ishirini, hao si wenzi wa kinyumba kwa sheria hii, kwa sababu walichofanya ni kutembeleana. Miezi ya vipande vipande haishonwi ikawa mwaka.

Mwaka ukishatimia, mnaweza kutengana kwa muda, mmoja akarudi Kanada kazini na mwingine akabaki, bila kupoteza hadhi hiyo, ilimradi uhusiano unaendelea na mna nia ya kuishi tena pamoja. Hapa kuna jambo kwa mdhamini, yaani huyo mwenzako wa Kanada anayekuombea, ambaye ni mkaazi wa kudumu na bado si raia. Yeye anatakiwa awe anaishi Kanada wakati anapoomba, na katika kila miaka mitano awe amekaa nchini siku 730. Kwa hiyo anaweza kuja kukaa na wewe Mombasa mwaka mzima bila kuvunja sheria, lakini lazima arudi kwanza ndipo awasilishe maombi. Raia ana nafuu: anaweza kuomba akiwa nje, akionyesha kwamba atahamia Kanada wewe ukishapata ukaazi.

Na kuishi nyumba moja peke yake hakutoshi. Wapangaji wawili wanaochangia kodi pia wanaishi nyumba moja. Maofisa wanatumia vigezo ambavyo Mahakama ya Juu ya Kanada iliviweka wazi mwaka 1999, katika kesi iitwayo M. dhidi ya H.: mnalala wapi na uaminifu wenu ukoje, nani anapika na nani anafua, mnakwenda pamoja kwenye shughuli za watu au la, pesa mnazishikaje, watoto mnawaleaje, na ndugu na majirani wanawachukuliaje. Mahakama ilisema vigezo hivi si lazima vyote viwepo wala uzito wake haulingani kwa kila jozi ya watu. Ila ofisa atavipitia.

Mahali pa karatasi

Idara ya uhamiaji inapendekeza mambo ya kawaida ya huko kwao: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya pamoja ya benki, bili za umeme na maji, bima, vitambulisho vyenye anwani moja. Sasa lete orodha hiyo Tabata. Mkataba wa pango una jina la mwanamume peke yake, kwa sababu ndiye aliyelipa ile kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na huenda risiti yake ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Umeme ni wa LUKU, wa kulipia kabla, mita ina jina la mwenye nyumba. Maji yananunuliwa kwa ndoo. Bima ya afya inataka cheti cha ndoa ndipo imwandike mwenzi. Akaunti ya pamoja? Watu wengi waliooana miaka thelathini hawana.

Lakini karatasi zipo, ila ziko sehemu nyingine, na kama mwaka wenu bado haujatimia huu ndio wakati wa kuzitengeneza. Mwombe mwenye nyumba aandike mkataba upya kwa majina mawili. Wengi hawakatai, maana hawapotezi chochote. Nendeni serikali ya mtaa mkachukue barua ya utambulisho inayosema mnaishi nyumba namba fulani na tangu lini. Kwa Kenya, ni barua ya chifu. Miamala ya simu ina tarehe na majina: kodi iliyotumwa, ada ya mtoto, hela ya matumizi, umeme ulionunuliwa kwa mita ile ile mwezi baada ya mwezi na namba zenu mbili kwa zamu. Hiyo mita ya jina la mwenye nyumba, ukiiunganisha na mkataba na miamala, inaanza kuzungumza. Kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote ni ushahidi mzito. Na watu husahau fomu za mrithi: uliyemwandika SACCOS, kazini, kwenye mfuko wa pensheni. Mtu aliyekuandika kuwa ndiye wa kupewa chake akifa, tena miaka miwili kabla ya kufikiria Kanada, amesema jambo ambalo picha mia haziwezi kusema.

Kuhusu picha na mazungumzo ya WhatsApp, usijaze. Orodha ya idara inataka picha zisizozidi 20 na kurasa za mawasiliano zisizozidi 10. Chagua za vipindi tofauti, zenye watu wengine ndani, andika tarehe na mahali. Selfi kumi za siku moja ufukweni ni picha moja tu.

Juu ya hayo yote kuna fomu IMM 5409, tamko la kiapo la kuishi kinyumba, ambalo wote wawili mnalisaini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Na kuna IMM 5532, ile ya maswali ya uhusiano: mlikutanaje, nani alimjulisha nani kwa familia, mlianza kuishi pamoja tarehe ngapi. Nyaraka zote za Kiswahili ziambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, na mfasiri asiwe wewe wala ndugu yako, hata kama shangazi ni mwalimu wa Kiingereza.

Kila mmoja akajaza upande wake bila kushauriana? Hapana, kaeni mkumbushane tarehe. Huko si kudanganya, ni kuzuia yeye aseme Februari na wewe useme Mei kwa sababu mmoja anahesabu tangu mabegi yalipofika na mwingine tangu godoro liliponunuliwa.

Mahari imetolewa, cheti hakuna

Sehemu hii inawapoteza wengi, kwa sababu kwetu kati ya kutokuoana na kuoana kuna vituo kadhaa. Mahari imepokelewa, wazee wametoa baraka, mtaa mzima unamwita mama fulani "mke wa fulani", na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Je, ujaze fomu kama mke wa ndoa au mwenzi wa kinyumba?

Kanada inaitambua ndoa iliyofungwa nje kama ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa na haipingani na sheria ya Kanada. Ndoa ya kimila au ya Kiislamu inakubalika, lakini itatakiwa hati. Tanzania, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Kifungu hicho kimewasaidia wanawake wengi mahakamani kudai mali. Hakikupi cheti, na ofisa wa viza si hakimu wa mahakama ya Kisutu. Kama mmekaa hiyo miaka miwili, basi mwaka mmoja wa Kanada mmeshaupita mara mbili. Ombeni kama wenzi wa kinyumba na mueleze wazi mahari ilitolewa lini. Itakuwa ushahidi mzuri wa jinsi jamii inavyowatambua.

Kwa Waislamu kuna mtego mwingine. Tangu Juni 2015 Kanada haitambui, kwa ajili ya kuombeana ukaazi, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo mwenyewe: iliyofungwa kwa simu, kwa intaneti au kwa kuwakilishwa. Bwana harusi yuko Toronto, akamtuma kaka yake awe wakili wake kwenye nikaha Malindi. Kwa sharia nikaha imekamilika, na bibi harusi ni mke wa mtu. Kwa ofisa wa Kanada, mke huyo haombeki kwa ndoa ile. Njia zilizobaki ni kufunga ndoa upya wote wawili wakiwapo, au kuishi pamoja mwaka mzima kisha kuomba kama wenzi wa kinyumba. Njia ya kwanza ni nyepesi zaidi, na sioni kwa nini mtu aumie na ya pili kama nauli ipo.

Wakenya nao wana kiapo cha ndoa, ile hati ya wakili ambayo mtu huapa kwamba yeye na fulani ni mke na mume, ili kazini wamwandike kwenye bima au abadilishe jina. Ukiwa nayo halafu ukaandika kwenye fomu ya Kanada kwamba hujawahi kuoana, kuna siku karatasi hizo mbili zitakutana mezani. Itaje mwenyewe, ueleze ilitolewa kwa ajili gani.

Kisanduku kimoja kinachoharibu yote

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kuhusu suala hili lote, ningesema hili. Kila fomu ya uhamiaji ya Kanada, iwe ya viza ya kutembea, ya masomo, ya kazi au ya ukimbizi, ina swali la hali ya ndoa, na moja ya majibu ni la mwenzi wa kinyumba. Watu wetu wanalipita. Hajafunga ndoa, basi anaandika hajaoa, na kwa Kiswahili cha kawaida hajasema uongo. Kwa sheria ya Kanada, kama alishakaa na mtu mwaka mzima, jibu hilo si sahihi.

Matokeo yake huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutuhumiwa kutoa taarifa za uongo: maombi yanakataliwa na mhusika anafungiwa miaka mitano. Ya pili ni kali zaidi na haina tarehe ya mwisho. Kanuni ya uhamiaji ya Kanada namba 117(9)(d) inasema kwamba kama mtu alipopewa ukaazi wa kudumu alikuwa na mwenzi au mtoto ambaye hakumtaja, kwa hiyo hakuchunguzwa na uhamiaji, basi mtu huyo hawezi kumdhamini baadaye katika kundi la familia. Hakuna kikomo cha miaka.

Waliopigwa zaidi na kanuni hii ni pamoja na wakimbizi. Mtu yuko Nyarugusu au Kakuma, faili lake la kuhamishiwa Kanada limefika mwisho baada ya kusubiri miaka, na hapo ndipo ameanza kuishi na mtu au amepata mtoto. Kambini wanamwambia usiguse faili, ukiongeza jina utarudishwa nyuma. Ananyamaza, anapanda ndege, anafika Edmonton, kisha anauliza namna ya kumleta mwenzake. Angemtaja kabla ya kuondoka, hata kama mwenzake angebaki nyuma, kuna utaratibu wa mwaka mmoja tangu kupewa ukaazi ambapo mkimbizi anaweza kuomba familia aliyoitaja imfuate bila kupitia udhamini. Ushauri wa kambini unaeleweka, lakini umetenganisha watu wengi. Septemba 2019 serikali ya Kanada ilifungua mpango wa majaribio unaowaruhusu waliokuja kama wakimbizi, au waliodhaminiwa na mwenzi au mzazi, kuwaombea waliosahauliwa kwenye fomu, na mpango huo umeongezwa muda zaidi ya mara moja. Ambaye haingii humo anabaki na ombi la huruma na ubinadamu, ambalo halina uhakika.

Wajibu huo unaendelea hadi siku ya kupewa ukaazi. Mkikamilisha mwaka wa kuishi pamoja wakati faili la mmoja la ufundi stadi au la kazi liko katikati, lazima aiarifu idara kabla ya kuthibitishwa. Na hapo kuna faida: kama mwenzako bado ni mgeni anayejiombea ukaazi kwa njia ya kazi, anaweza kukuweka kwenye maombi yake hayo hayo, mkaingia pamoja, bila udhamini wowote.

Walioshindwa kuishi pamoja

Kundi la tatu watu hulikimbilia wakidhani ni la wanaopendana kwa mbali. Siyo. Ofisa ataanza na swali la mama mkwe: mbona hamkuoana? Kisha: mbona hamkuishi pamoja, kwako, kwake, au nchi ya tatu? Mnatakiwa kuonyesha ukuta halisi, kwa mfano viza zilizokataliwa pande zote, au ndoa ya zamani ambayo sheria ya nchi haimruhusu mtu kuivunja. "Hatukuwa tayari" haikubaliki. Wapenzi wa jinsia moja wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda, ambako sheria ya jinai inawagusa moja kwa moja, ni mfano wa wanaoweza kuelezea kizuizi chao. Na kanuni zinasema waliozuiwa kuishi pamoja na mateso ya aina hiyo, au na kifungo, wanaweza kuhesabiwa kama wenzi wa kinyumba. Kwa wengine wengi, kufunga ndoa ni rahisi kuliko kushinda hoja hii.

Pesa, afya na mahali pa kuombea

Mdhamini wa mwenzi, kwa kawaida, hawekewi kiwango cha chini cha mapato. Asiwe tu anaishi kwa msaada wa serikali, isipokuwa kwa ulemavu, na asiwe muflisi ambaye hajaachiliwa. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 30, 2024, ada ilikuwa jumla ya dola 1,205 za Kanada, na juu yake 85 nyingine za alama za vidole. Viwango hurekebishwa kila baada ya miaka miwili mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo angalia bei siku ya kulipa. Quebec ina hatua na masharti yake ya ziada. Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita.

Kuhusu afya, watu hubeba hofu isiyo na sababu. Wenzi wa ndoa na wa kinyumba wamesamehewa kile kipengele cha kukataliwa kwa sababu matibabu yako yatagharimu sana. Mwenye VVU, kisukari au figo hakataliwi kwa gharama.

Ukiwa tayari ndani ya Kanada mnaishi pamoja, unaweza kuomba ukiwa humo, hata viza ikiwa imekwisha, chini ya sera iliyopo tangu 2005, na kuomba kibali cha kufanya kazi wakati unasubiri. Ila ukikataliwa, huna rufaa ya kawaida, ni kuomba Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi. Ukiomba kupitia njia ya nje, mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji, ambako anasikilizwa upya na mashahidi wake. Kwa mwenzi wa kinyumba, ambaye kesi yake yote inategemea kuaminiwa, tofauti hiyo ina uzito.

Mdhamini anasaini ahadi ya kukutunza miaka mitatu, na ahadi hiyo haifutwi na kuachana; ukichukua msaada wa serikali ndani ya muda huo, deni ni lake. Wewe uliyedhaminiwa nawe huwezi kumdhamini mwenzi mwingine kabla ya miaka mitano kupita tangu upate ukaazi. Lakini ukaazi wenyewe ni wako. Lile sharti la mwaka 2012, kwamba baadhi ya waliodhaminiwa lazima wakae na mdhamini miaka miwili la sivyo wanyang'anywe, lilifutwa Aprili 2017, kwa hiyo mtu anayekutisha kwamba ukiondoka nyumbani kwake atapiga simu uhamiaji wakurudishe kwenu, anatumia sheria ambayo haipo. Kama ukaazi haujatoka na unapigwa au unateswa humo ndani, kuna kibali maalumu cha muda kwa waathirika wa ukatili wa kifamilia, kimekuwapo tangu Julai 2019, hakina ada, na huhitaji saini ya mdhamini kukiomba.